Kamba ya Mboje

Mboje, fundi pikipiki wa Dutwa, ndiye aliyeiunda ile mashine ya kunyonya dhahabu mtoni: pampu ya kumwagilia, mpira mnene na kompresa ya kumpa mzamiaji hewa, vyote juu ya madumu yaliyofungwa pamoja. Lakini mwenye bahati alikuwa mwenzake, Jilala. Kila Jilala akizama, kamba ya kiunoni ilivutwa mvuto mmoja mrefu: nimepata. Mboje, aliyeshika ncha ya juu, alitabasamu huku roho inamuuma.

Asubuhi moja akamtangulia mwenzake. Akaifunga kamba kwenye dumu, akawasha mashine, akazama peke yake.

Chini kulikuwa giza la tope. Alisikia pumzi zake tu, na changarawe ikigonga ndani ya mpira. Kisha kamba ikatikiswa harakaharaka: toka, zamu yangu.

“Amekuja kuninyang’anya,” akawaza, akaendelea kuchimba. Ikatikiswa tena, safari hii kwa upole. Akaibuka na hasira zake.

Juu ya madumu hapakuwa na mtu. Jilala ndiyo kwanza alikuwa anateremka ukingoni, anakokota baiskeli. Mboje akaifungua kamba kiunoni, akaiacha izame, akajikokota hadi nchi kavu.

“Mwangaluka,” Jilala akamsalimu. “Leo uko na nani?”

“Peke yangu.”

Jilala akanyoosha kidole. Kamba ilikuwa imekaza, imeshuka wima majini. Madumu yakainama. Ulikuwa mvuto mmoja, mrefu, na Mboje, pamoja na hofu yake yote, akasikia roho ikimuuma.