Kinanda cha Ezra Kiliongopa

Mokami Tomaso hakuwa na hamu ya mapenzi siku ile. Alikuwa na hamu ya pasi yake. Wiki ya tatu sasa ilikuwa kwa Waitara, fundi wa vyombo vya umeme katikati ya soko la Tarime, na fundi cherehani bila pasi ni mtu wa kuazima kila siku. Alipita kati ya mafungu ya ndizi na nyanya akiwa kwenye gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, limemkaa vizuri mpaka muuza dagaa mmoja akapima kopo lile lile mara mbili. Mkono wa kushoto alimshika Robi, mwenye miaka saba.

Robi alikuwa mtoto wa dada yake, Esta, anayepika chakula cha kuuza kule Kewanja, jirani na mgodi. Esta alimleta mjini asome. Mtoto akazoea kumwita Mokami mama, na Mokami akazoea kuitika.

"Fundi Waitara, pasi yangu inatoka leo au nilale hapa hapa?"

"Kesho, dada Mokami."

"Kesho gani? Ile ya mwezi uliopita bado haijafika?"

Kuna mtu akacheka. Mokami akageuka na macho yake makali. Aliyecheka alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, amekumbatia kinanda cha umeme kilichofungwa kwenye blanketi.

"Kaka, umeona kichekesho?"

"Hapana, dada. Na mimi nimeambiwa kesho. Nimetoka nacho Mugumu."

"Basi pole. Kunywa chai, utakaa sana."

Waitara, kuwanyamazisha wote wawili, akakichomeka kinanda, ambacho kilikuwa kimekatika waya tu, kwenye umeme kwa waya wa kuazima kukijaribu. Wakati huo pikipiki ikapiga honi nje. Robi akanyoosha kidole, akabonyeza kibao kimoja cha kinanda. Ilikuwa sauti ile ile ya honi. Muuza aiskrimu akapita na kengele yake, na Robi akabonyeza kingine. Ile ile.

"Robi! Toa mkono kwenye kitu cha watu!"

"Cherehani yetu inaimba hapa, mama," alisema Robi, akabonyeza cha tatu.

Yule kijana hakuwa anacheka tena. Aliitwa Ezra, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wa kanisa huko Mugumu. Alimgeuza Robi aangalie ukuta, akabonyeza kibao, akamwambia akitafute. Akakipata. Akabonyeza viwili kwa pamoja, vitatu, vinne. Mtoto alivipata vyote, na cha ajabu hakuonekana kufikiri, alikuwa anaangalia mayai ya kuchemsha ya jirani.

"Dada, naomba namba ya simu."

"Ya nini?"

"Ya mtoto."

"Mtoto hana simu, mura," Mokami akasema, akimwita kijana kwa Kikurya.

"Basi yako, kwa ajili ya mtoto."

Mokami akaitaja. Mimi nasema aliitaja haraka kuliko alivyotaka ionekane.

Tangu hapo kila Jumamosi Ezra alipanda basi kutoka Mugumu na kinanda chake mapajani, kwa barabara ile ya vumbi, akashuka Tarime rangi yake imebadilika. Mokami alimpa kwanza maji ya kunawa, kisha uji wa wimbi, kisha ndipo masomo yakaanza dukani, kati ya magauni yaliyoning'inia. Kinanda kilirudi Mugumu jioni kwa ajili ya ibada ya Jumapili, kwa hiyo siku za katikati Robi alichora vibao vyake kwa chaki ya fundi kwenye meza ya kukatia vitambaa, akapiga hapo. Hakuna sauti iliyotoka, lakini yeye aliisikia yote kichwani, na akikosea alijikunyata.

Ezra alikuwa na minueti na sonata, nyimbo za kinanda za zamani za Ulaya, kwenye simu yake. Robi alisikiliza mara mbili, mara tatu, kisha akaiomba mikono yake izitafute. Ilipotimia miezi minne alipiga minueti nzima kwa mikono miwili, miguu haifiki chini, na wateja waliokuja kupimwa wakasahau kupimwa.

Na simu za jioni zikaongezeka.

"Haloo. Robi anaendeleaje?"

"Hajambo. Ulimuulizia saa nane, na saa kumi."

"Na mama yake?"

"Mama yake ana sindano mdomoni, anashindwa kucheka."

"Itoe basi, mpenzi, ucheke."

Ndiyo mara ya kwanza alisema mpenzi. Mokami akaitoa sindano.

Sasa nikwambie siri ya Ezra, maana Mokami hakuijua. Mwalimu huyu mwenye sifa alijua kupiga kwenye C tu, ule ufunguo wa vibao vyeupe peke yake. Wimbo ukiwa juu zaidi, hakuhamisha vidole. Alibonyeza kitufe kidogo cha pembeni kinachopandisha sauti ya kinanda kizima, namba moja, mbili, tatu, kisha vidole vikaendelea pale pale vilipozoea. Wapiga vinanda wengi wa kwaya hufanya hivyo, na waumini wanapata baraka zao. Ila Ezra alikiona ni aibu. Dukani kwa Mokami kitufe hakikuguswa kabisa.

Mwezi wa sita Sista Scholastica akatoka Mwanza. Alikuwa akizunguka mkoa wa Mara kutafuta mtoto mmoja tu wa chini ya miaka kumi, wa kwenda kusoma piano kwenye shule ya masista: kitanda, chakula, na mwalimu kila siku. Nafasi moja. Mokami alimshonea Robi gauni la njano lenye mkanda mweupe, akashinda akilifumua na kulishona upya. Kwa Robi ilikuwa ni nafasi hiyo, au kuendelea na chaki kwenye meza mpaka masikio yale yazoee kelele za stendi.

Ukumbi wa kanisa pale Tarime ulijaa. Kwaya ya Mugumu ilikuja kufungua kwa wimbo, na soprano wao wa mbele, Irine, alitaka ianzie juu. Ezra akabonyeza kitufe mara tatu. Wakaimba, wakapigiwa makofi, wakaketi. Kinanda kikabaki kimewashwa, na ile tatu ikabaki ndani yake.

Robi akavuta pumzi, akaweka vidole, akapiga sauti ya kwanza. Akatoa mikono haraka. Akajaribu tena, vibao viwili. Uso ukamkunjamana.

"Mama, kinanda kinaongopa."

Watu wakacheka. Ezra akainama karibu naye, jasho limemtoka.

"Robi, kinanda hakiwezi kuongopa. Ni woga tu. Anza."

"Kinaongopa!"

"Mama Sista, samahani," Ezra akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Kinanda ni kizima, kimetoka kupigwa sasa hivi. Mtoto ameogopa watu."

Robi akashuka kwenye kiti, akatoka mbio, mkanda mweupe unaburuza chini. Sista akaandika kitu kwenye daftari, akamwita mtoto mwingine.

Mokami alimkuta Ezra nje, kwenye ngazi za ukumbi.

"Umemwita mtoto wangu mwongo mbele ya watu."

"Sikumwita mwongo. Nimesema ameogopa."

"Robi aogope? Robi amepiga mbele ya wateja wangu, mbele ya mgambo, mbele ya mbuzi! Akisema kinaongopa, kinaongopa."

"Mokami, kile ni chombo. Hakina akili."

"Aha. Mtoto aking'ara, mwalimu ni wewe. Akikwama, kinanda chako ni kizima." Sauti yake ikashuka. "Niambie ukweli, Ezra. Ulikuwa unanifuata mimi, au ulikuwa unafuata mtoto atakayekupa jina?"

Ezra alifungua mdomo, akachelewa. Alikuwa amechoka na amefedheheka, hilo tu. Lakini mwanamke aliyeuliza swali la namna ile hahesabu uchovu. Mokami akamshika mkono Robi, aliyekuwa amejikunyata chini ya ngazi, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata Ezra alipiga simu mara saba. Jumapili mara tano. Mara ya sita ikapokelewa.

"Haloo, Mokami?"

"Mimi Robi. Mama amesema niseme hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa, anakata kola."

Simu ikakatwa. Huko Mugumu Ezra alicheka peke yake, kisha hakucheka tena.

Mokami naye alishona gauni la bibi harusi na mikono yote miwili ya kushoto. Hakuwa amefanya kosa kama hilo tangu aanze kazi. Alimpenda mtu yule, ndiyo shida yenyewe, na alilia kidogo juu ya cherehani, akisema ni vumbi la kitambaa.

Jumapili ya pili Ezra alikuwa kanisani. Irine akamwonyesha ishara: juu, kama siku ile. Ezra akabonyeza kitufe, moja, mbili, tatu, na kidole kikaganda pale. Aliitazama ile tatu kwenye kioo kidogo cha kinanda. Kwaya ikasubiri. Padri akakohoa. Ezra alikuwa anamwona mtoto wa miaka saba akigusa kibao anachokijua kwa moyo, na kibao kikimjibu kwa sauti ya mwenzake.

Baada ya ibada alimpigia Sista Scholastica. Angeweza kusema kinanda kilikuwa na hitilafu, na Sista angekubali. Alisema yote.

"Kwa hiyo, mwalimu," Sista akauliza, "wewe unajua kupiga kwenye C tu?"

"Ndiyo, Sista."

"Na mtoto aligundua kwa kibao kimoja?"

"Kibao kimoja."

"Nafasi nilikuwa nimeshampa mwingine kichwani, bado kwenye karatasi. Ijumaa napita Tarime narudi Mwanza. Nina nusu saa. Na hayo uliyoniambia utayasema mbele ya watu wale wale waliomcheka."

Alhamisi Ezra akashuka Tarime. Mokami alimwona kwenye mlango wa duka, vumbi mpaka kwenye kope, na hakumletea maji. Ezra hakumsalimia yeye kwanza. Alichuchumaa mbele ya Robi.

"Robi, nisamehe. Kinanda kiliongopa. Mimi ndiye niliyekiongopesha."

Akamwonyesha kitufe. Robi akakibonyeza, akagusa kibao, akakunja uso, akakirudisha.

"Sasa kwa nini usihamishe vidole tu?"

"Sijui kuhamisha."

"Hujui?" Robi akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mbona rahisi. Nitakufundisha."

Mokami akageukia dirishani kwa sababu kicheko kilimjia bila ruhusa.

Ijumaa, kwenye ukumbi ule ule, Ezra alisimama mbele ya kwaya yake, wazazi na vijana waliocheka siku ile, akaeleza kosa lake kuanzia kitufe mpaka C. Kuna waliocheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Masikio yalimwaka lakini hakuruka neno. Mokami, aliyekaa kiti cha nyuma, alimsikiliza akiwa ameshika mkono wa Esta, aliyekuja kutoka Kewanja. Hasira yake ilimtoka pale pale, akabaki anamwonea huruma.

Robi akapiga minueti. Aliipiga polepole, safi, kila sauti imekaa kwake, na ukumbi ule wenye mazoea ya vigelegele ukasahau hata kupumua. Alipomaliza, Sista akainuka, akanyoosha mkono, akabonyeza kile kitufe mara tatu kwa makusudi.

"Piga tena."

Robi akagusa sauti moja. Akakunja uso. Kisha akasogeza mikono upande wa kushoto, ikapanda juu ya vibao vyeusi ambavyo minueti ile haikuwahi kuvihitaji, akaipiga yote tena mahali papya, na ikatoka vile vile ilivyotoka mwanzo. Sista Scholastica alikaa chini bila kuangalia kiti kiko wapi. Esta ndiye aliyeanza kigelegele, na hapo hakuna aliyeweza kukizuia.

Mwezi wa saba Robi akaenda Mwanza, Esta akimsindikiza. Mokami na Ezra walikuwa wameshasameheana kwa simu, taratibu, kwa maneno machache. Lakini kuna jambo moja Mokami hakulisema. Mtoto sasa hayupo. Jumamosi itakapofika, basi la Mugumu litaleta nani?

Jumamosi ilipofika alivaa gauni la kawaida makusudi, akajikalia kwenye cherehani, akajiambia hasubiri mtu. Saa tano kamili kivuli kirefu kikaingia dukani. Mikononi hapakuwa na kinanda.

"Hodi."

"Karibu. Robi hayupo, unajua."

"Najua."

"Hata uji sijapika."

"Sijafuata uji."

"Basi saa zote hizo kwenye basi, umefuata nini?"

"Siku ile uliniuliza swali kwenye ngazi, nikachelewa kujibu," Ezra akasema. "Nimekuja kulijibu. Nimekufuata wewe, Mokami. Nataka unioe... hapana, nikuoe. Nimerudia maneno haya njia nzima na bado nimeyakosea."

Mokami alicheka mpaka akafuta machozi kwa kipande cha bitana. Kisha akamtazama, na yule mtu wa Mugumu akawa hajui aweke wapi mikono yake.

"Baba yangu yuko Kemambo," alisema mwishoni. "Mzee Tomaso si mtu wa kuendewa hovyo. Utakuja na wazee wako, watazungumza ng'ombe mpaka wachoke, na wewe utakaa kimya."

"Nitakaa kimya."

Mokami akainuka, akaitoa futi kamba shingoni, akamzungushia kifuani akiwa karibu kiasi kwamba Ezra alisahau kupumua.

"Simama wima, mura," akasema. "Suti ya kwenda kwa baba yangu naishona mwenyewe."