Ufunguo wa Tatu

ALHAMISI, SAA 10 JIONI. MAKAMBAKO.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la spea, kinanuka oili chafu. Nathanieli, mkubwa wao, aliweka kitasa kipya mezani.

"Dhahabu ya mzee Yoramu iko chumbani kwake, Njombe, pale mtaa wa Ramadhani. Madirisha yana nondo. Mlango wa mbele ulivimba kwa mvua, wakaupigilia misumari. Wanapita mmoja tu, ule wa vioo wa kusukuma kando, barazani. Nao una nondo kwenye jani lenyewe la mlango. Kuvunja kioo ni kujisumbua."

"Sasa?" aliuliza Romani, dereva.

"Kitasa chake kimekufa. Wameomba fundi hapa dukani." Akamtazama Lenard, fundi wao. "Kesho unafunga kipya, ila kisishike. Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Yoramu ni mzee wa kanisa, hatoki mpaka kuku wa mwisho wa sadaka anadiwe."

IJUMAA, SAA 4 ASUBUHI. RAMADHANI.

"Kamwene, fundi," Mama Germana, mke wa mzee Yoramu, alimkaribisha kwa chai ya maziwa. Lenard aliona aibu kuinywa, akainywa.

Alitoa kitasa cha zamani, akafunga kipya, cha ufunguo ndani na nje. Akakaza skrubu za magurudumu ya chini mpaka jani likateleza kwa kidole kimoja. Hapo hakulipua kazi, mkono wake haukujua kulipua. Kisha akakishusha nusu sentimita kile kibati cha kwenye fremu kinachodaka ndoano ya kitasa. Ukizungusha ufunguo, ungeapa mlango umefungwa.

Funguo zilikuwa tatu. Alimpa mama mbili, ya tatu akaitia kwenye soksi. Akafuta vioo, akasaini kazi kwa maka peni kwenye pembe ya fremu kama alivyozoea, akaondoka.

JUMAMOSI, SAA 12 JIONI. MAKAMBAKO.

Lenard alirudi dukani kuchukua futi yake ya kupimia aliyoisahau. Sauti ya Nathanieli ikamsimamisha mlangoni.

"Uso wa fundi unajulikana pale. Tukishatoka na mzigo, tunamshusha kwenye misonobari."

"Akiwa hai?" aliuliza Romani.

"We unaonaje?"

Lenard aliondoka bila futi. Akimbie? Walipajua kwao, Mlangali. Walimjua Elina, na mimba yake ya miezi saba.

JUMAPILI, SAA 4:20 ASUBUHI. RAMADHANI.

Ukungu haujaondoka. Kwaya inasikika kutoka kanisani. Lenard alivuta jani, likateleza bila kelele.

"Fundi wewe!" Nathanieli alimpigapiga begani. "Baki hapa, angalia geti."

Wakazama chumbani. Lenard akapiga magoti kwenye fremu. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Bisibisi ikateleza, ikamchana kidole. Ndani droo zinaanguka. Akakipandisha kibati nusu sentimita, akakaza, akasukuma jani. Akazungusha ufunguo wa tatu, ndoano ikauma, kisha akaukunja mpaka ukakatikia ndani ya kitasa.

Romani alisikia. Akaja mbio, uso ukagota kwenye kioo.

"Lenard! Fungua, mdogo wangu!"

Lenard akaelekea getini. Nyuma yake mateke yalianza, na mbwa wa majirani wakaanza kubweka.

SAA 5:15. STENDI YA NJOMBE.

Lenard alikuwa amekaa dirishani, ndani ya basi la Mlangali. Hesabu yake ilikuwa moja: amchukue Elina, wavuke ziwa, watoke nchini, kabla wale wawili hawajataja jina lake. Gari lilibakiza abiria wawili lijae.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Fundi? Mimi Mama Germana. Kitasa chako kimetunasia majambazi!" Alikuwa anacheka na kulia. "Namba yako nimeiona hapa pembeni ya fremu. Ufunguo umekatikia ndani, askari wanashindwa kufungua."

Miaka tisa alikuwa anaandika jina na namba kwenye kila mlango, ili mteja asipate shida ya kumtafuta.

"Na hawa nao hawajataja mwenzao yeyote," mama aliendelea. "Ila mmoja anasema aitwe fundi aliyefunga. Anasema wewe ndiye utakayeweza."

"Ludewa! Mlangali!" konda alipiga kelele.

"Kumbe uko stendi! Tulia hapohapo, baba. Askari wa doria yuko jirani na hapo, anakuja kukuchukua na pikipiki."

Lenard alitazama damu iliyokauka kwenye kidole chake. Langoni mwa stendi, pikipiki ilikuwa inakata kona.

"Sawa, mama," alisema. "Nakuja."