Gego la Kijiko

Kila alasiri akirudi shuleni, Kijiko alivua sare, akafunga aproni na kuingia jikoni. Mama yake alioka keki za kuagizwa, na kazi ya binti ilikuwa kuosha mabakuli. Kuosha ni namna ya kusema tu, maana kwanza aliyapitia kwa ulimi. Krimu iliyosalia kwenye mwiko, sukari iliyoganda ukingoni, chokoleti ya chini ya sufuria, vyote alivimaliza kabla ya kufungua bomba. Ndiyo sababu nyumba nzima ilimwita Kijiko.

Miezi mitatu nyuma, daktari wa meno alikuwa ameona tundu changa kwenye gego lake la chini, upande wa kulia. Hakulitoboa. Alilifunika kwa kikombe kidogo cha mpira kilichounganishwa na mashine, akapitisha gesi iitwayo ozoni kwa muda mfupi. Kijiko hakuumia hata kidogo.

"Gesi hii inaua vijidudu vinavyoozesha jino," daktari alimweleza. "Sasa piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, na upunguze sukari, ili jino lipate nafasi ya kuwa gumu tena. Tutalitazama tena baada ya miezi mitatu."

Kijiko alishika nusu ya kwanza. Nusu ya pili iliingia sikio hili ikatokea lile. Kama vijidudu vimekufa, mswaki wa nini tena? Tangu siku hiyo akawa anaulowesha mswaki kwa maji na kuurudisha mahali pake. Mama akiuliza, "Umepiga mswaki, mwanangu?" alijibu, "Tayari, mama," bila kupepesa macho. Na mabakuli aliendelea kuyalamba.

Wiki ya kumi gego likaanza kuuma. Akajikausha, akahamishia chakula upande wa kushoto. Aliogopa kusema, kwa sababu alijua swali la kwanza lingekuwa la mswaki. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi moja aling'ata ganda gumu la mkate kwa bahati mbaya, akapiga ukelele uliomfanya mama aangushe trei.

Saa moja baadaye walikuwa kliniki. Daktari yuleyule, dada mpole asiye na miaka mingi kazini, alimulika kinywani na uso wake ukabadilika.

"Tundu limekua sana," alisema. "Umekuwa ukipiga mswaki mara mbili kwa siku?"

"Ndiyo," Kijiko alijibu kwa sauti ndogo.

Mama akasimama. "Unamuuliza mwanangu? Iulize hiyo mashine yako! Mtoto huyu halali bila kupiga mswaki, mimi ni shahidi. Mmetupulizia upepo tu mkatudanganya!"

Mlango ulikuwa wazi. Watu waliokuwa kwenye foleni walinyoosha shingo, na baba mmoja akamshika mwanawe mkono wakaondoka zao.

"Tutulie kidogo, mama," daktari alisema. "Kama alilitunza vizuri na bado limeharibika haraka hivi, huenda uozo ulikuwa umekwenda ndani kuliko nilivyodhani. Ngoja nipige..."

"Usipige chochote. Ling'oe! Sitaki kuchezewa tena."

"Ni jino la ukubwani, mama. Likitoka halioti jingine."

"Ling'oe, nimesema!"

Kijiko alitazama mikono ya daktari ikisogea kwenye vifaa. Akikaa kimya, jino linakwenda, na dada wa watu anabaki na aibu isiyo yake. Akisema, mama atamjua yeye ni nani. Aliona haya mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, mashine haina kosa," alisema. "Sijapiga mswaki tangu siku ile. Nilikuwa naulowesha tu. Na mabakuli nayalamba yote."

Mama alikaa chini polepole.

Daktari alipiga eksirei, akaitazama kwa makini. "Halijafika kwenye mshipa wa fahamu. Jino litapona, ila gesi haitoshi tena. Lazima nitoboe na kuziba."

Sindano ilichoma, mashine ikalia, na safari hii hakuna aliyembembeleza. Kazi ilipokwisha, daktari alivuta kiti karibu.

"Gesi iliua vijidudu vya siku ile. Haikubaki kinywani kukulinda. Vingine huja kila siku, na kila ulichokilamba kilivilisha. Hata sisi madaktari bado tunabishana gesi hii inafaa kiasi gani. Ungenyamaza, ningelitibu jino lako kwa kuufuata uongo. Mgonjwa akimficha daktari, anajidhuru mwenyewe."

Mama aliinuka, akatoka hadi kwenye foleni. "Jamani," alisema, kwa sauti ileile kubwa aliyotukania, "nilimkosea daktari huyu mbele yenu. Kosa ni la nyumbani kwangu." Kisha akarudi ndani kumwomba daktari radhi ana kwa ana.

Walitembea hadi nje ya geti. Hapo mama alisimama, akamgeuzia binti yake uso.

"Nilimtukana mtu asiye na hatia kwa sababu nilikuamini wewe," alisema. "Jino limezibwa kwa nusu saa. Imani yangu haizibwi na daktari, mwanangu. Utaijenga mwenyewe, siku baada ya siku, na unaanza usiku wa leo."