Bangili Iliyolala

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara mbili, na nyumba nzima ikajua Mama ameamka. Nyumba nzima ilikuwa watu wawili tu, yeye na binti yake. Hiyo ndiyo salamu yao ya kila siku kabla ya alfajiri, kwa kuwa binti alikuwa fundi wa kushona sare na karakana yao ilifunguliwa mapema.

Binti aliingia akiwa anafunga kilemba.

"Umevaa bangili, Mama?"

"Nimeivaa, lakini imezima tena. Mwambie huyo Bwana Betri wako kidude chake kina njaa kuliko ng'ombe wa maziwa."

Bwana Betri walimpata kliniki, siku wazee walipokuwa wakigawiwa bangili hizo. Ukumbi ulikuwa umefurika, viti havitoshi, kila mtu anaita namba yake. Kijana mmoja mrefu akachomoza kutoka chini ya meza, alikokuwa akitafuta soketi, akajigonga kichwa. Shati lake la bluu lilikuwa limefungwa vibaya.

"Kifungo cha pili umekitia kwenye tundu la tatu," binti akamwambia.

"Na wewe una macho kama sindano."

Tangu siku hiyo binti akawa Sindano, na kijana akawa Bwana Betri, jina alilopewa na Mama. Ndiye aliyeandika programu ya ndani kabisa ya bangili zile, kiini chake, inayoamua kazi ipi ifanywe saa ngapi na mashine ilale lini. Mchana, mkono wa mzee usipotikisika kwa nusu saa, bangili ilipaswa kumpigia simu mtu wa nyumbani.

Siku hiyo bangili ilipozima tena, Sindano alimpigia mchana. Simu ilirudishwa kesho yake, alfajiri.

"Haloo, mpenzi."

"Kumbe uko hai!"

"Nisamehe. Huwa nakusanya simu zote nizijibu kwa pamoja. Nikikatizwa kila saa, siandiki kitu."

"Kwa hiyo mimi ni mzigo wa kubebwa pamoja na mizigo mingine?"

"Wewe ndiye mzigo wa juu kabisa."

Sindano akacheka ingawa hakutaka. "Haya, nisikilize. Vidole vya Mama vimekakamaa. Kile kiwaya cha chaji anahangaika nacho mpaka machozi yanamtoka, nami sipo. Huwezi kuifanya ikae na chaji siku kadhaa? Nifanyie hilo tu."

"Kwa Mama? Nipe wiki moja."

Wiki haikuisha. Alikuja Jumamosi, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama, akamfungia bangili taratibu, akiuepuka ule mfupa wa kifundo uliokuwa ukimuuma. Sindano aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Siku tano," akasema Bwana Betri, anang'aa. "Kiini kilikuwa kinaamshwa kila dakika kwa vijikazi. Sasa vijikazi vinangoja. Mkono ukitikisika, kiini kinaamka, kinavimaliza vyote kwa mpigo, kinarudi kulala."

"Kama wewe na simu zako," akasema Sindano.

"Kama mimi na simu zangu."

Wakacheka wote watatu. Mama akamwita mwanangu.

Siku kumi na mbili baadaye, saa nane mchana, Sindano alikuwa akishona kola simu ilipoita. Ilikuwa bangili: mkono haujatikisika kwa nusu saa. Kabla hajasimama, simu ikaita tena. Ilikuwa jirani, analia.

"Njoo, mwanangu. Nimemkuta mama yako sakafuni. Nimemtikisa bega, hajibu."

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba Mama alianguka asubuhi. Kumbukumbu za bangili zilionyesha mkono ulitikisika mara ya mwisho saa mbili na dakika tano. Alilala kwenye saruji kwa muda wa karibu saa sita.

Bwana Betri alifika hospitali jioni ile, akaichukua bangili. Alirudi kesho yake, uso umemsawajika. Walisimama kwenye korido, karibu na beseni la kunawia.

"Haikuharibika," akasema. "Ilifanya nilivyoiambia. Ile kazi ya kuhesabu nusu saa niliiweka kwenye fungu la zinazongoja. Fungu lile haliamshi kiini. Linangoja mkono utikisike. Na Mama..."

"Mama hakuweza kuutikisa."

"Jirani alipomtikisa ndipo ikaamka."

"Hukuijaribu?"

"Niliijaribu. Niliilaza mezani nusu saa, ikapiga simu barabara. Lakini nilikuwa nimeichomeka kwenye kompyuta, na ikichomekwa hailali. Sikuliona hilo. Mtu mwingine akikuambia betri ilikwisha, usimwamini. Ni mimi."

Sindano alitazama kifungo cha shati lake. Kilikuwa mahali pake.

"Na mimi ndiye niliyekuomba," akasema. "Nenda. Usinipigie."

Alipiga hata hivyo. Safari hii hakukusanya chochote. Alipiga asubuhi, mchana na jioni, siku tisa. Sindano alitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Kisha haikuita tena, na kimya hicho kikamuuma kuliko mlio. Akajisemea amekimbia, kama wanavyokimbia wote.

Mama aliletwa nyumbani. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na daktari alisema wazi kuwa mguu hautarudi. Maneno yalitoka moja moja, mengine hayakutoka. Jirani alikubali kukaa naye mchana, bila kuombwa mara mbili. Alfajiri kikombe kilikaa juu ya meza, hakuna aliyekigonga.

Jirani huyohuyo ndiye aliyeleta habari kutoka kliniki.

"Yule kijana wako wamemwondoa kazini. Wakubwa wake walitaka aandike kwamba wazee walisahau kuchaji. Akakataa, akaandika kosa ni lake. Sasa anazunguka nyumba kwa nyumba, wazee thelathini na mmoja waliowekewa mabadiliko yaleyale, anarekebisha bangili kwa mkono. Halipwi. Anaichomoa kwenye waya, anaiweka mezani, anakaa nusu saa nzima mpaka iite. Haondoki kabla."

"Sisi je?"

"Anasema ya kwenu hawezi kuja bila kuruhusiwa."

Sindano alimwandikia neno moja: Jumamosi.

Alikuja amekonda, shati lilelile. Alimsalimu Mama shikamoo, na Mama akainua macho tu. Akarekebisha bangili, akaichomoa kwenye waya mbele yao ili waone, akauliza, "Mama, naweza kuiweka mkono wa kulia, kwa kujaribu tu?"

Mama akafumba macho na kuyafumbua. Akamfungia kwenye mkono usiotikisika.

Wakangoja. Sindano aliweka simu mapajani, akatazama mkono wa mama yake uliotulia juu ya shuka, na kwa mara ya kwanza akaijua ile nusu saa ilivyo ndefu. Akazihesabu nusu saa nyingine zote za siku Mama alipoanguka.

Simu ikaita.

Alilia kwa sauti, ameifumbata. Bwana Betri hakumgusa. Alimhamishia Mama bangili mkono mzima, akiuepuka ule mfupa.

"Sasa haitachelewa," akasema kwa sauti ya chini. "Ila chaji haikai. Siku moja, basi. Nimeshindwa kupata vyote viwili."

"Mama hawezi kuichomeka kwa mkono mmoja," akasema Sindano. "Na jirani haoni vizuri vitu vidogo."

"Najua."

Kijiko kiligonga kikombe. Mama alikuwa amekifikia kwa mkono wa kushoto. Akagonga tena. Wote wawili wakageuka.

"A... je," akasema Mama, na mate yakamtoka kwa juhudi. "Ku... chaji."

Bwana Betri alisimama, hajui atazame wapi. Sindano alimfuta Mama mdomo, akalainisha shuka, kisha akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni.

"Sijakusamehe," akamwambia.

"Sikuja kuomba hilo."

"Najua ulichokuja kufanya." Akashika mlango, hakuufunga. "Umemsikia mwenyewe. Uje kesho. Ukiona utachelewa, nipigie saa hiyohiyo, usingoje. Lakini uje."