Malipo ya Saba

Zamda alinyoosha kiganja juu ya kaunta ya chai katika stesheni ya Seoul, na kabla hajatamka neno, kadi-ngozi iliyopandikizwa kiganjani mwake ilikuwa imeshalipa. Mashine ya muuzaji ilitaka kumtoza kwa shilingi za Tanzania. Mlinzi wa kadi, akili ya kompyuta inayonong'ona sikioni, alikataa, kwa kuwa ubadilishaji wa pale pale huwa ghali, akalipa kwa woni za Korea. Zamda mwenyewe ndiye mhandisi aliyemfundisha mlinzi huyo, kwenye benki yao kule Dodoma, kumtambua mwenye kadi kwa mwenendo wake na kuwanasa wezi ughaibuni.

Chai hakuinywa. Treni ya Ulsan ilikuwa inaondoka baada ya dakika kumi na mbili. Huko Ulsan mdogo wake Hatibu, fundi wa kuchomelea meli, angepasuliwa moyo saa kumi jioni. Treni ya pili ingemkuta ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka saba, tangu wagombanie nyumba ya marehemu baba yao. Hatibu hakujua hata kwamba dada yake yuko njiani.

Aliweka kiganja kwenye mashine ya tiketi.

"Nimezuia," mlinzi akanong'ona. "Tiketi ya kwenda tu, mji ambao hujawahi kufika, safari ya ghafla. Haifanani nawe."

"Ni mimi."

"Hata mwizi angesema hivyo."

Jibu hilo Zamda alilitunga mwenyewe. Akampigia Lubeleje, mwenzake wa zamu ya asubuhi kule benki.

"Dada Zamda, mbona unahema? Wakorea wanakukimbiza?"

"Nifungulie kadi. Namfuata mdogo wangu Hatibu, Ulsan."

"Ningefungua kama ungekuwa na muamala hata mmoja na mtu wa huko. Nimetafuta jina la Hatibu. Miaka saba, hakuna muamala uliokamilika, hata vocha ya mia tano."

"Ni ndugu yangu, tumbo moja."

"Mimi nakuamini. Mfumo hauna mahali pa kuamini, wewe ndiye uliyepaondoa mwaka juzi. Ulisema panapitisha wezi. Mwombe yeye akulipie."

Zilibaki dakika sita. Zamda alizunguka mashine mara mbili, ndipo akampigia Hatibu.

"Nani?"

"Zamda."

"Zamda yupi? Niliwahi kuwa na dada wa jina hilo." Sauti ilikuwa nyembamba.

"Huyo huyo. Niko Seoul, stesheni. Kadi imenikatalia. Nilipie tiketi nikuone kabla hawajakuingiza."

Alisikia mashine za hospitali zikilia taratibu.

"Umekuja Korea huna nauli," Hatibu alisema hatimaye. "Na mhandisi wa kadi ni wewe."

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyenifungia begi."

Kadi ilitetemeka kiganjani: tiketi imeingia. Mlinzi wa Hatibu hakuuliza swali lolote. Zamda alikimbia bila kukata simu, akapenya, mlango ukajifunga nyuma yake. Ndipo aliposoma risiti iliyowaka kiganjani.

*Malipo ya saba ya Hatibu kwa mpokeaji huyu. Sita ya awali, ya sikukuu za Idi, yalirudishwa bila kufunguliwa.*

Alikumbuka amri aliyompa mlinzi wake: zawadi ndogo ndogo kutoka nje zirudishwe, zisimsumbue kazini. Treni ilishaanza kukata mji. Alibaki amesimama, kiganja wazi.

"Hatibu, zile za Idi..."

"Njoo kwanza," akamkatiza. "Hapa namwambia nesi asubiri kidogo, nina mgeni."