Ernestine na Neno "Therefore"

Kila asubuhi, hata baada ya vita vya 1964 kuwakimbiza watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, hadi milimani, mwalimu Eugène aliwakusanya watoto na kuandika kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Siku hiyo aliandika neno la Kiingereza: "therefore".

"Maana yake ni 'kwa hiyo'," alisema. "Mvua imenyesha, 'therefore' njia inateleza. Je, jogoo amewika, 'therefore' jua limechomoza?"

"Hapana!" watoto walicheka.

"Vizuri. Kufuatana hakutoshi. Lazima jambo la kwanza liwe limeleta la pili."

Ernestine, msichana wa miaka kumi na miwili, hakucheka. Mdogo wake, Gaspard, alikuwa anaharisha damu. Watoto wengi waliugua hivyo, na mtoto wa mzee Sylvestre alikuwa amezikwa juzi.

Aliporudi kibandani kwao alisikia makelele. Watu walikuwa wamemzunguka Pudentienne, bibi aliyekimbia peke yake kutoka kijiji cha Luberizi.

"Amekuja, ugonjwa ukaja!" Sylvestre alifoka. "Kwa hiyo ni yeye aliyeuleta. Aondoke!"

"Niende wapi, wanangu?" Pudentienne alilia. "Barabarani kuna bunduki."

Sabine, mama yake Ernestine, alikuwa amempakata Gaspard aliyelegea. "Aende!" alipiga kelele. "Mtoto wangu anakufa!"

Ernestine alisogea mbele. Kumpinga mama mbele ya watu! Lakini ile "kwa hiyo" ya Sylvestre haikumwingia akilini.

"Baba Sylvestre, samahani. Mtoto wako alipoanza kuugua, bibi huyu alikuwa amefika?"

"Bado," Sylvestre alisema kwa sauti ndogo.

"Maji mlichota wapi?"

"Kijitoni, pale chini."

"Hata sisi. Na ng'ombe wanakunywa na kunya palepale. Bibi anachota juu, kwenye chemchemi ya mwambani. Majirani anaowagawia maji hayo hawajaugua."

Sylvestre aliketi chini, akafunika uso kwa mikono. Mwalimu Eugène, aliyekuja kwa kusikia makelele, alichukua ndoo akapanda kwenye chemchemi.

Kwa agizo lake, maji yote yalichemshwa. Pudentienne mwenyewe alimnywesha Gaspard uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, huku Sabine akimwomba Mungu. Siku zilipita wakidhani watampoteza. Kisha asubuhi moja mtoto akanong'ona, "Mama, njaa."

Sabine alimpigia Pudentienne magoti. "Nisamehe, mama."

"Inuka," bibi alijibu. "Hata mimi nimewahi kuzika mtoto."

Kesho yake, mbele ya ubao, mwalimu Eugène aliwatazama watoto. "Hofu ina haraka ya kumtafuta wa kulaumiwa," alisema. "Kabla ya kumhukumu mtu, ulizeni kwanza nini hasa kimeleta nini. Na maji myachemshe, hata vita vikiisha."