Nilivyopeleka Posa ya Mwanaume Wangu

"Wewe dada wa bwana, tuambie mbele ya Mungu na wakubwa hawa... kaka yako iko na mwanamke mwingine mahali?"

Jamani!

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la watu, mikononi nimeshika kapu la vitenge vya kumpa mama wa binti anayeposwa. Huyo "kaka" yangu alikuwa kwenye kochi, ndani ya suti ya kijivu, jasho likimtoka. Anaitwa Peguy. Asubuhi ile shati lake nilikuwa nimelipiga pasi mimi.

Na huyo mwanamke mwingine... ni mimi!

Ngojeni niwaeleze kabla hamjanitukana kwenye comment.

Naitwa Sesilia, mtu wa Uvira, Kongo. Mwaka 2008 nilifika Durban, Afrika Kusini, na Peguy, wapenzi tusio na cheti wala baraka ya mchungaji. Tukapata chumba kwenye nyumba ya kanisa, mtaa wa Cato Manor. Sharti lao, hakuna mtu kuishi na mpenzi wake pale.

"Tuseme sisi ni ndugu," Peguy akasema.

"Ndugu vipi?"

"Baba moja, mama mbalimbali. Nani atauliza? Ni ya muda tu, chérie."

Uongo huo tukaingia nao mpaka kazini. Ilikuwa Jacobs, mtaa wa viwanda, kwenye yadi ya mbao ya Papa Urbain, mzee wa Lubumbashi. Alikuwa ananunua viwandani pallet kuukuu, zile chaga za mbao za kupangia mizigo, sisi tunazivunja na kung'oa misumari, halafu zinapigwa randa na kugeuzwa vitanda. Kombe la Dunia lilikuwa linakuja, na kila mwenye nyumba ya wageni alitaka vitanda. Mbao ilikuwa dhahabu, nawaambia! Peguy anagonga, mimi napaka vanishi. Nilikuwa nanuka thinner hadi kanisani.

Halafu Mireille akamaliza chuo, akaja kukaa ofisini. Binti wa patron wetu, Papa Urbain. Alikuwa na gari lake, na hakuwa na majivuno. Aliniita wifi kabla hata ya posa, akaniletea mafuta ya kupaka mikono. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba sikuwa hata na mtu wa kumchukia vizuri.

Peguy akaanza kuvaa shati jeupe katikati ya vumbi la mbao. Nikamuuliza.

"Sesi, sitagonga misumari mpaka kufa," akasema. "Nikioa kwa familia ile, na mimi nitakuwa patron. Nitakuinua na wewe."

"Utaniinua kama nani?"

Akanitazama bila aibu.

"Kama dada yangu."

Najua mtauliza kwa nini sikuondoka. Niende wapi? Chumba kilikuwa cha ndugu wawili, na kazi ilikuwa ya ndugu wawili. Nililia mpaka nikachoka, nikaona afadhali nilale.

Siku ya posa ikafika. Ugenini huku sisi ndugu tunaazimana. Mjomba wa Peguy alikuwa shemasi wa kanisani, shangazi yake msuka nywele wa soko la Warwick. Pale sebuleni mimi peke yangu ndiye niliyehesabiwa kuwa damu yake. Ndiyo maana Tante Élisabeth, shangazi wa Mireille, aliuliza swali lile kwangu.

Peguy akanikazia macho. Mireille akanitabasamia.

Neno moja tu lingetosha kubomoa kila kitu...

"Hakuna, Tante," nikasema.

Vigelegele! Shemasi akapiga makofi. Msidhani nilimhurumia Peguy. Nilikuwa nimechoka, wapendwa. Uongo wa miaka yote ile ulikuwa umenizoea kuliko nilivyouzoea mimi.

Papa Urbain akainua mkono.

"Bado! Leo furaha iko mbili."

Akasimama Vénérand, Mrundi anayeendesha mashine ya kupasulia mbao pale yadini. Mtu mpole, kaazima tai, kaifunga vibaya. Mimi sikuwa na habari yoyote!

"Huyu kijana aliniomba nimsemee," Papa Urbain akasema. "Anampenda Sesilia. Na kwa kuwa kaka yake na wazee wake wote wako hapa, tutafute nini tena?" Akamgeukia Peguy. "Mon fils, mwanangu, dada yako unatupatia?"

Peguy akajifuta jasho kwa mkono wa suti.

"Peguy?"

"Hapana, Papa."

"Eish! Kwa nini? Vénérand iko na shida gani?"

"Hana shida."

"Dada yako amechumbiwa?"

"Hapana..."

"Sasa?"

Vénérand akanisogelea, akanipa mkono ili niinuke kwenye zulia. Mkono tu!

Peguy akaruka kutoka kwenye kochi.

"Muache! Huyu iko bibi yangu!"

Mungu wangu... Mimi nilikuwa nimemfunika, akajifunua mwenyewe!

Wazee wa kuazima wakaanza kutafuta viatu vyao. Mireille akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kweli, wifi?"

"Ni kweli. Usiniite wifi tena, Mireille. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Alichukua lile kapu la vitenge, akaliweka miguuni pa Peguy, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Kule getini Peguy akanikimbilia.

"Sesi! Nimekuchagua wewe mbele ya watu wote!"

"Hukunichagua, Peguy. Umeona naondoka."

Kanisa lilitutoa kwenye chumba. Kombe likaisha, vitanda vikakosa wanunuzi, yadi ikapoa. Yule msuka nywele, shangazi wa kuazima, alinihifadhi kwake. Peguy nasikia yuko Joburg, sijui anajiita kaka wa nani. Vénérand alikaa miezi bila kunisalimia, na alikuwa na haki. Kwa uongo wangu, mtu mwema aliomba kitu asichokijua.

Funzo langu ni hili. Dada zangu, anayekuficha leo kwa jina la ndugu, kesho atakutuma umbebee posa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea mpaka magoti yakaisha ngozi.

Na Vénérand?

Alikuja siku moja nikiwa napaka vanishi kabati la watu. Akasimama mlangoni, safari hii bila tai.

"Sesilia, uliniumiza. Lakini bado nataka kukuomba. Sasa nikakuombe kwa nani? Ndugu yako wa kweli iko wapi?"

Nikaweka brashi chini.

"Hapa Durban sina ndugu. Niombe mimi."

Akaniomba. Nikamjibu ndiyo kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimesimama.